Hakusema Hivyo

Mkalimani alikuwa na sauti tatu, na siku ya Jumapili sauti hizo zote zilifanya kazi. Asubuhi, kanisani, alitoa ile nzito, ya mtu aliyebeba kabati peke yake. Alasiri, akitafsiri filamu kwa video, akatoa ile ya mbio, ya mtangazaji wa mpira dakika ya tisini. Ya tatu ilikuwa yake mwenyewe, ile ya kuongea na wewe kama mtu, na hiyo ilikuwa ndogo mpaka ukinunua yai kwake ulilazimika kuinama. Sisi watoto wa mtaa wa Bondeni, hapa Nakuru, tulisema sauti yake ya kweli iliisha betri zamani.

Nataka kumwandika vizuri kwa sababu nilimfanyia vibaya. Naliweka hilo hapa mbele, ili ukinisikia nikicheka huko katikati usidhani nimesahau. Mimi ni mtu wa kucheka. Niko Kidato cha Tatu, na darasani wananiita Kipindi, kwa sababu mwalimu akitoka tu, kipindi changu kinaanza. Jina la nyumbani ni Nekesa, lakini hilo hutumika nikiwa na makosa.

Siku za wiki Mkalimani alikuwa anauza mayai boilo karibu na nyumba zetu za kaunti, amevaa koti lake la kijani la kanisani, jua liwake ama vumbi la ziwani lipige. Ole wako umwambie unataka boilo.

"Boilo ni nini? Boilo ni ya treni. Sema mayai yaliyochemshwa."

"Basi nipe yaliyochemshwa mawili."

"Sasa hiyo ni Kiswahili. Pilipili iko, kachumbari iko. Nikuwekee gani?"

Ndivyo alivyokuwa. Alitupigania Kiswahili kama askari, halafu yeye mwenyewe akasema "kitabu yangu" na "hiyo watu" bila haya. Siku moja kijana wa boda alimrekebisha: "Mzee, ni kitabu changu." Mkalimani akamfungia yai lake kwa gazeti pole pole, akampa, akasema, "Mimi ni mkalimani, si kamusi." Tangu hapo ukikosea kitu mtaani, hata hesabu, unasema wewe si kamusi.

Kanisani alisimama kando ya mhubiri na kumfuata kama kivuli. Wahubiri wetu wa kawaida huhubiri kwa Kiswahili, lakini wakija wageni wa Kiingereza, na kanisa letu linapenda wageni wa Kiingereza, Mkalimani alipanda madhabahuni. Mhubiri akiruka, naye anaruka. Mhubiri akipangusa jasho, anatoa leso yake na kupangusa jasho ambalo hana. Mara moja mgeni alikwaruzwa na koo akakohoa, Mkalimani akakohoa pia, na mama mmoja wa mbele akasema amina.

Kila kitu alikipitisha jikoni kwanza. Mgeni akisema dhambi zitaoshwa ziwe nyeupe kama theluji, yeye alisema, "Kama ile mvua ya mawe ilipiga viazi ya Molo, mkaamka asubuhi shamba yote ni nyeupe." Watu wa mashamba waliguna, maana waliiona. Mgeni alisema sentensi moja, Mkalimani akasema nne. Mgeni alisema nne, Mkalimani akasema, "Tuombe." Kulikuwa na siku mimi na wenzangu wa benchi ya nyuma tulihesabu kwa vidole ni nani anahubiri zaidi.

Aliyempenda kuliko wote ni mama yangu. Mama anauza omena na mboga, na anaimba sauti ya tatu kwenye kwaya. Kiingereza kilimwacha darasa la tano, pale nyumbani kwao Bungoma, na hawajawahi kutafutana tena. Alikuwa anakaa na akina mama wa kwaya benchi ya kwanza, chini kabisa ya madhabahu, na jioni akipepeta omena alirudia mahubiri yote, neno kwa neno, mpaka ile mvua ya mawe. "Huyo mhubiri wa leo ni mtu wa huku," alisema, akimaanisha mtu aliyezaliwa ng'ambo ya bahari mbili. "Amejuaje viazi ya Molo?"

Ninyi mngefanya nini? Mimi nilicheka.

Kwa video mambo yalikuwa mengine. Kwa video ni chumba cha mabati nyuma ya mashine ya kusaga unga, benchi sita, skrini moja, na harufu ya unga inayokufuata mpaka nyumbani. Siku hizi kila mtu ana simu, lakini watu walienda, na walienda kwa sababu ya sauti ya Mkalimani. Filamu ya risasi ukiiona kwa simu ni kelele. Akiitafsiri yeye, yule adui wa helikopta ana jina, ana kijiji, ana deni la harambee. Mabusu hakuyatafsiri. Alisema, "Hapa wanaongea mambo ya kwao," halafu akakohoa mpaka wamalize. Matusi aliyaita "maneno ya steji," ya pale matatu hupakia abiria. Mtu akitukanwa dakika nzima, yeye anasema tu, "Amempa ya steji," na sisi kila mmoja anajaza mwenyewe.

Hizo za risasi zilikuwa za wateja. Yake ilikuwa moja. Kila Jumapili, ya mwisho, wateja wapende wasipende, iliwekwa Picha ya Karani. Mwenye video alilalamika, akasema watu wameiona mpaka wanaiota. Mkalimani akamjibu kwa ile sauti ndogo, "Bila hiyo, zingine tafsiri wewe." Ikawekwa.

Ni picha ya giza, ya zamani za farasi na taa za mafuta, mji wa Wazungu wenye ukungu mzito kuliko wa Mau Summit. Karani wa posta anapanga barua. Kila wiki kuna barua ya dada mmoja anayeishi peke yake, kutoka kwa mchumba wake aliye baharini. Siku moja Karani anafungua moja kwa mvuke wa birika, anaisoma, anaifunga tena. Wiki ifuatayo anafungua nyingine. Halafu anaacha kuzifikisha, anaandika zake kwa mwandiko wa yule mchumba, na anakaa dirishani akimtazama dada akizisoma barua zake yeye. Anapanga chumba mkabala na dirisha lake. Anaokota glavu yake. Mchumba anarudi, na mchumba anapotea. Mkalimani hakutoa majina yao. Huyu alikuwa Karani, na huyu alikuwa Yule Dada, basi.

Kabla ya kuanza alisimama mbele ya skrini na kutangaza, "Hii picha imetoka kwa kitabu. Kitabu iko na mimi nyumbani, nimesoma yote." Watoto tulipiga makofi kumharakisha. Lakini alikuwa na taabu na neno moja. Wale wa kwenye picha wana neno la Kiingereza la kile kitu kilichomwingia Karani, na daktari wa picha analitaja mara nyingi. Miaka ya kwanza, wakubwa wanasema, Mkalimani alilitafsiri kuwa mapenzi. Baadaye akasema si mapenzi, ni ugonjwa. Baadaye njaa. Mimi nilipoanza kuruhusiwa kwenda alikuwa amefika kwenye neno kushikwa. "Karani ameshikwa," alisema, na alilisema kwa sauti yake ya tatu, kwa maikrofoni, ndiyo mara ya pekee tuliisikia ikiwa kubwa. Mtaa mzima ukalichukua. Jamaa akipita mara tano mbele ya saluni, tunasema ameshikwa. Jirani yetu alishikwa na chapati. Lakini naona sasa kwamba aliyeshikwa zaidi alikuwa yeye, na picha moja, miaka yote hiyo, mtu mzima mwenye koti la kijani.

Mwisho wa picha Karani ananyongwa. Yule Dada haonekani tena. Unaona tu Karani akitoka kwa ukungu ameshika shali, halafu kortini akiongea kwa muda mrefu, halafu kamba. Mkalimani alitafsiri ya kortini hivi: Karani alimpeleka Yule Dada stesheni, akamkatia tiketi, akapanda treni akaenda kwao. Na kwa nini basi ananyongwa? "Kwa sababu ya barua," alisema Mkalimani. "Zamani Uingereza, ukifungua barua ya mtu, ni kamba."

Nilikua nikijua hivyo. Sote Bondeni tulijua hivyo. Tatizo ni kwamba mimi nililiandika kwenye mtihani wa Historia.

Swali liliuliza kuhusu sheria za wakoloni, nami nikajaza nafasi vizuri: kwamba Waingereza walikuwa wakali, hata kufungua barua ya mtu adhabu yake ilikuwa kunyongwa, mfano Karani. Mwalimu alilisoma mbele ya darasa. Akauliza, "Kipindi, huyu Karani ni wa sura ya ngapi?" Darasa lilicheka mpaka la jirani likaja kuangalia. Mimi huchekesha, sichekwi. Ukizoea kuwa upande mmoja wa kicheko, ule upande mwingine ni baridi sana.

Basi nikaitafuta ile picha kwa simu ya binamu yangu, ikiwa na maandishi ya Kiingereza chini. Nikafika kortini. Karani anamwambia jaji, polepole, jinsi alivyomnyonga Yule Dada kwa shali yake na kumwacha mtoni. Hakuna stesheni. Hakuna tiketi. Nilirudisha nyuma mara tatu. Sikuhuzunika hata kidogo. Nilifurahi kama mtu aliyeokota noti.

Jumapili iliyofuata nilikaa benchi ya mbele kwa video. Karani alipopanda kizimbani, Mkalimani alishika maikrofoni kwa mikono miwili, kama kawaida yake ya hapo.

"Karani anasema: Bwana Jaji, huyu dada nilimpeleka stesheni..."

Nikasimama. "Hakusema hivyo!"

"Keti chini, Kipindi!" mtu akaita kutoka nyuma.

"Hakusema hivyo! Amesema amemuua! Amemnyonga na shali akamtupa mtoni. Someni wenyewe, ndiyo hii hapa!" Nikainua simu. Waliokuwa karibu wakasoma, wakapitisha nyuma.

"Wacha! Kwani huyu dada alikufa?"

"Mzee, miaka yote hiyo umetuuzia hewa?"

"Rudisha Yule Dada!" mtu akapiga kelele, na chumba kikavunjika kwa kicheko.

Mkalimani hakubishana. Alinitazama kidogo, akakohoa kile kikohozi chake cha mabusu, akamalizia kutafsiri, lakini kwa ile sauti isiyo na betri, na hakuna aliyesikia.

Mtaa ulipata mchezo mpya. Mtu akiagiza mayai mawili, vijana wa boda wanaita kutoka ng'ambo, "Hakusema hivyo! Amesema matatu!" Yeye alicheka nao. Uso ulicheka, angalau. Mikono iliendelea kumenya mayai, na nilikuwa karibu vya kutosha kuona yanamenyeka vibaya, nyeupe ikitoka na maganda. Nilikuwa maarufu. Wiki mbili nzima nilitembea Bondeni kama diwani.

Halafu akaja mhubiri mgeni, kutoka nje ya nchi, asiyejua Kiswahili hata cha salamu. Kanisa lilijaa, mpaka viti vya plastiki vikaazimwa. Benchi yetu ya nyuma ilikuwa imejipanga, maana wenzangu walikuwa wakinichokoza tangu asubuhi: "Kipindi, leo ni leo. Msikilize vizuri." Nikasikiliza vizuri. Niliyaacha ya kwanza, madogo madogo. Nilikuwa nangoja kubwa.

Mgeni alianza kuhubiri juu ya familia. Akapandisha sauti, akanyoosha kidole, akasema kitu kwa Kiingereza na kunyamaza ili kitafsiriwe. Mkalimani akanyoosha kidole vilevile, akasema, "Nyumba ambayo haina baba, Mungu mwenyewe ndiye baba yake."

"Amina!" wakasema akina mama wa kwaya. Sauti ya mama yangu naijua. Ilikuwa ya kwanza.

Nami niliruka juu. "Hakusema hivyo!"

Benchi ya nyuma ilipasuka. Watu wakageuka. Mgeni akauliza kuna nini. Mchungaji wetu, ambaye alikuwa na aibu mbele ya mgeni wake, akasimama akasema kwa ukali, "Kama unajua kuliko wakubwa, basi tuambie alisema nini."

Angeniambia niketi. Mara nyingi nafikiria hivyo, kwamba angesema tu keti. Lakini aliuliza, na watu wote walikuwa wakinitazama, na jibu nilikuwa nalo kamili, limenyooka, na nilikuwa na haraka ya kuonyesha Kiingereza changu. Nikalitoa kwa sauti ya Mkalimani mwenyewe, ile nzito, nikanyoosha na kidole:

"Amesema: nyumba ambayo haina baba ni shimo la nyoka. Mama ni nyoka, na mtoto atakayetoka humo ni nyoka."

Kicheko kilianza mahali, kikakatika. Kidole changu kilikuwa bado hewani. Kilikuwa kimeelekea mbele, benchi ya kwanza, na nikaona shingo ya mama yangu, na joho la bluu la kwaya, na yeye akigeuka polepole kutafuta ni nani anayesema, ijapokuwa sauti yangu anaijua.

Baba sina. Yaani yuko mahali, lakini si mahali petu. Nyumba yetu ni mimi na mama na dirisha moja. Kila mtu pale ndani alijua hivyo, na mimi nilijua hivyo, na nililisema lote mpaka mwisho kabla sijasikia ninachosema.

Mama hakutoka. Aliimba na wimbo wa mwisho. Nyumbani alikunja joho, akasonga ugali, akanipakulia. Nilingoja kofi. Ningelipokea kwa furaha. Alipomaliza kula aliuliza swali moja tu.

"Na zile Jumapili zingine? Hao wageni wote. Walikuwa wakisema nini?"

Nikakusanya sahani. Aliosha vyombo. Kwaya hakurudi, alisema miguu inamuuma. Jioni anapepeta omena kimya, na mimi, mtu wa kuchekesha, nimejaribu kila utani ninaojua, hata wa mwalimu wa Kemia. Anatabasamu kidogo, kwa adabu, kama mtu anayepokea mabaki ya chenji.

Mkalimani naye aliwekwa kando. Wazee wa kanisa walimshukuru kwa miaka yote, wakampa kazi hiyo kijana aliyetoka chuo, ambaye hutafsiri theluji kuwa theluji. Mwenye video akaweka filamu zenye maandishi chini, watu wakapungua, na sasa kile chumba kinahifadhi magunia. Koti la kijani likapotea Bondeni. Nilisikia amehamishia mayai mtaa wa Kaptembwo, kule hawamjui.

Ilinichukua mihula miwili kwenda. Likizo ya Agosti nikavuka mji kwa miguu, nikiwa nimepanga hotuba. Nilimkuta kwenye njia panda, ndoo ya mayai mbele ya miguu. Alikuwa amezeeka? Sijui. Alikuwa amevaa sweta tu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akanitazama. "Ni wewe wa benchi ya nyuma."

"Ni mimi."

"Boilo ama?"

Nilitaka kusema yaliyochemshwa, lakini hotuba yote ilipotea. "Moja tu," nikasema. "Nimekuja kuomba msamaha."

Akamenya yai. Yalikuwa yanamenyeka vizuri tena. "Ya picha ama ya kanisa?"

"Zote."

"Ya picha haikuniuma sana," akasema, na nikainama kusikia. Akafungua mfuko wake, akatoa kitabu kilichofungwa jalada la gazeti kama cha mwanafunzi, kurasa zake zimevimba. "Soma mwisho. Unajua Kiingereza."

Nikasoma nikiwa nimesimama, boda zikipita. Ilikuwa ukurasa na nusu. Yule Dada anagundua barua si za mchumba. Usiku huohuo anafunga sanduku, anaenda stesheni peke yake, anapanda treni ya kwao. Karani anafika, behewa la mwisho linaondoka. Anabaki kwenye ukungu na shali aliyoisahau.

"Hafi," nikasema.

"Hafi. Aliyeandika hakumuua. Ni hao wa picha walimuua, sijui kwa nini, labda treni ni ghali." Akacheka kidogo. "Mimi nilikuwa natafsiri kitabu. Lakini kwa kitabu Karani hanyongwi, na picha ilikuwa inamwonyesha na kamba shingoni, watu wanaona. Hapo nilikosa la kufanya. Nikaweka hiyo ya barua."

"Niliiandika kwa mtihani."

"Nilisikia. Pole."

Yeye ndiye aliyeniambia pole. Nilikula yai ili nisilie, na hiyo si kazi rahisi, jaribu siku moja.

"Na kanisani?" nikauliza. "Kule hakukuwa na kitabu. Hukuogopa kujulikana?"

"Nani amekuambia sikujulikana?" Akanigeukia kabisa. "Hebu hesabu. Benchi ya pili ni mwalimu mkuu mstaafu. Nyuma yake ni nesi wawili. Wale wa kupokea sadaka, wote wamemaliza fomu foo. Mchungaji mwenyewe amesoma chuo ya Kiingereza. Umefikiri ni wewe peke yako unasikia? Walisikia kila Jumapili. Nikigeuza, mwalimu mkuu alikuwa anaangalia chini. Hakuna mtu aliwahi kuniambia kitu. Hatukuwa tumepanga. Ilikuwa tu hivyo."

"Kwa nini basi waliniacha..."

"Ulisimama. Mgeni akauliza. Nani angesema nini?" Akafuta mikono kwa gazeti. "Wasiosikia Kiingereza walikuwa wale akina mama wa mbele tu. Labda saba. Wengi wao unawajua, wanaume wao walienda. Nilikuwa natafsiria hao."

Boda ikasimama, Mkalimani akauza mayai mawili, akarudisha chenji. 

"Rudi," nikasema. "Nitasimama kanisani niseme mimi ndiye mjinga. Nitasema mbele ya wote. Mama haimbi tena. Ukirudi atarudi."

Alifunika ndoo ya mayai. Halafu akatikisa kichwa.

"Siwezi. Hata wakinipa maikrofoni kesho. Mgeni akisema neno nzuri, nzuri kabisa, ya Mungu, na mimi nikilitafsiri vile liko, mama yako atakaa pale akijiuliza kama ni mhubiri amesema ama ni mimi nimemhurumia. Hata ile ya kweli haitaingia." Akaurudisha mfuko begani. "Nenda nyumbani, jua linaenda. Hapana, weka pesa yako."

Hakunipa salamu za kupeleka. Hakunituma neno lolote. Nilirudi nikipitia relini, na njia nzima nilikuwa natafuta kitu alichosema ambacho ningeweza kumbebea mama bila kumwumiza, na hakikuwepo.

Mama alikuwa mlangoni na ungo. "Umetoka wapi?"

"Kaptembwo. Kwa Mkalimani."

Ungo ukasimama. "Yuko salama?"

"Yuko. Anauza mayai."

"Alisema nini?"

Nikaketi kwenye kizingiti, kando yake. Omena zilikuwa zimebaki na mchanga kidogo pembeni. Nikasema, "Amesema nyumba yetu ni nyumba nzuri. Amesema hajaona mama kama wewe Nakuru nzima."

 Aliweka ungo chini, akanishika kidevu, akanigeuza nimtazame, kama alivyokuwa akifanya nikiwa mdogo nimekula sukari.

"Nekesa. Ni yeye amesema, ama ni wewe?"

Utani ulikuja, kama kawaida, mmoja mzuri tu, ulishafika kwenye ulimi. Nikaumeza.

"Ni mimi, mama."

Akaniachilia kidevu. Akatazama barabara, pale ambapo watoto wa jirani walikuwa wakipiga mpira wa makaratasi.

"Basi sema tena," akasema.